Kiti cha Dirishani

9 Januari

Kitinda wangu,

Habari za siku nyingi, na baridi ya huko inakuonaje? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado ni fundi baiskeli yule yule, akiingia ndani na mikono yake ya grisi natamani nimpe chakula chake mlangoni. Mwanangu mkubwa kafaulu mtihani, anatamba kama yeye ndiye aliyeutunga. Shangazi kawekewa meno mapya, hataki kuyavua hata usiku, na anacheka ovyo ili tuyaone.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Mimi na wewe kwenye simu hugombana kabla salamu hazijaisha, na mama alishasema, Mungu amrehemu: "Nyie mgombane kwa barua, hasira ichoke njiani." Basi hii nampa Mama Vitambaa, akija huko kununua majora yake akuletee.

Haya, la maana. Vidole vimenianza. Vile vile vya mama. Nikiamka vimevimba, haviingii kwenye matundu ya mkasi mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Juzi kaja mteja anataka zile nyembamba kabisa. Nimemsuka upande mmoja, wa pili nikamwambia arudi kesho. Kaondoka na kilemba, na kesho hajaiona mpaka leo. Msusi asiye na vidole ni nani, Kitinda? Ni mtu anayekaa saluni kutazama vichwa vya watu.

Nimekwenda hospitali kubwa. Daktari ni mtu mwema, kanishika kidole kimoja kimoja, akasema ni baridi yabisi, ipo sindano inayoituliza, unachomwa kila baada ya wiki mbili. Kuandikiwa si kazi. Nimefika dirisha la dawa, yule binti hata macho hakuinua: "Haipo, kanunue nje." Nje, mwenye duka la dawa kanitajia bei nikacheka, nikidhani mwenzangu ana utani. Hakuwa na utani. Sindano moja inameza kodi ya saluni na chakula cha nyumbani, na mwezi una mbili. Nikanunua vidonge vya maumivu, vinanichoma tumbo, vidole viko pale pale.

Sasa Mama Vitambaa, ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuuwekea kufuli, kaniambia wewe nawe unaumwa hivi hivi tangu mwaka juzi, na unapata sindano hiyo hiyo kwa kuonyesha kadi tu. Kadi! Na hukuniambia neno.

Nitasema kweli, maana sijui kukuficha: nimeona wivu. Wanasema wivu ni kidonda. Basi changu kimeanza kunuka. Hapa saluni kwake, mama alikuweka wewe kiti cha dirishani, penye mwanga, wateja wakuone tangu barabarani. Mimi akaniweka kwenye beseni, nioshe vichwa ambavyo wewe utavisuka. "Mdogo wako ana vidole vyepesi," akasema, mbele ya watu. Ulipoondoka kiti nilikirithi. Na sasa hata ugonjwa ni mmoja, tumeurithi kwa mama mmoja, lakini wewe umepewa ule wenye dawa.

Dada yako wa kwenye beseni


2 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka meno ya shangazi mpaka jirani akagonga ukuta. Mpe mwanao hongera, na shemeji mwambie grisi hutoka kwa sukari na sabuni, ajaribu.

Mimi ni mzima. Bado nakaa chumba kile juu ya duka la viatu, na kazi ni ile ile, udobi wa hoteli. Mashuka yanatoka kwenye mashine yanafuka moshi, tunakunja wawili wawili: mwenzangu ncha zake, mimi ncha zangu, tunaendeana, tunarudiana. Msimamizi anapita nyuma yetu anapiga makofi kama anafukuza kuku.

Sikukuambia ninaumwa kwa sababu hukuniuliza. Barua zako huuliza mshahara, hazijawahi kuuliza mwili. Usikasirike, nimesema tu.

Kuhusu kadi, usidhani ni shuka linalotufunika miguu yote. Kadi ni ya mwajiri. Kila mwezi wanakata kwenye mshahara kabla haujanifikia. Mwaka ukianza, dawa unalipa mwenyewe kwanza mpaka ufike kiwango walichoweka wao, ndipo bima inaingia, na ikiingia bado unachangia. Na daktari akishaandika, watu wa bima nao wanakaa kikao juu ya mwili wako, watu ambao hawajawahi kukuona hata ukucha. Mimi mara ya kwanza walinikataa. Walitaka nimeze kwanza dawa za bei rahisi, zishindwe, ndipo wakubali. Nilizimeza mpaka kijiko kikawa kinaniponyoka mezani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, dada.

Lakini sitakudanganya. Sasa hivi naonyesha kadi, nachangia kidogo, naondoka na pakiti yangu.

Nakutumia sindano mbili, Mama Vitambaa kazibeba kwenye chupa pana yenye barafu. Usiniulize nimezipata vipi, zipo. Ziweke jokofuni chini, si kule juu kwenye kugandisha, na mpelekee daktari wako azione kwanza, yeye ndiye akuchome.

Na kiti cha dirishani kilikuwa na jua la saa nane usoni. Hilo hujawahi kuliandika.

Mdogo wako


20 Aprili

Kitinda,

Weee! Mungu akupe maisha marefu. Hatujambo wote, shangazi amepoteza jino moja kati ya yale mapya na anamshuku paka.

Sindano nimechomwa zote mbili. Daktari kazigeuza geuza, kasoma tarehe, kasema ni zenyewe hasa. Sikuona kitu siku za kwanza, nikaanza kukulaani kidogo kidogo. Kisha asubuhi moja nimeamka, nimefunga vifungo vya gauni, nimefika cha mwisho ndipo nikakumbuka kwamba jana yake alinifunga shemeji yako. Nimekaa kitandani nikalia. Wiki iliyofuata nikasuka bibi harusi na dada zake wote, zile nyembamba, na yule wa kilemba alipopita dirishani nikampungia mkono ili auone.

Zilipokuwa jokofuni, boksi niliandika SUMU kwa kalamu nene, watoto wasiguse. Shemeji yako mpaka leo anakunywa maji ya mtungi.

Lakini nikuambie kilichoniuma. Boksi lenyewe. Lile boksi jeupe, lenye picha ya mama mmoja anacheka huku anamenya chungwa. Nimelitazama nikasema, huyu anacheka kwa sababu ana kadi. Na mdogo wangu anacheka hivi hivi huko, kila mwezi, na mimi namenya chungwa kwa meno.

Dawa imeisha mwilini sasa, kidole gumba kimeshaanza kunikumbusha. Tuma nyingine. Wewe unazo, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na safari hii usizihesabu kama mtu anayetoa sadaka.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Shikamoo. Poleni na jino la shangazi. Nawasalimu wote.

Samahani kwa herufi hizi za mashine. Maktaba ya mtaani wana kompyuta, wanaturuhusu.

Nakutumia mbili tena. Ndizo nilizoweza.

Kazini wamenihamisha kutoka kwenye mashuka. Sasa nakunja taulo ndogo za uso peke yangu, nimekaa. Ni kazi nyepesi.

Mdogo wako


30 Julai

Mheshimiwa Kitinda,

Nakuita mheshimiwa kwa sababu mdogo wangu ninayemjua alikuwa anaandika kwa mkono, mistari imelala kama nywele zilizochanwa. Barua hii yenye herufi za mashine imetoka ofisi gani? Una karani siku hizi? Mistari michache, "nawasalimu wote", kama unatuandikia sisi notisi ya kodi! Na umepandishwa cheo, unakunja taulo umekaa, mimi huku kusuka nasimama mpaka miguu inageuka magogo. Hongera. Ukishakuwa meneja tujulishe tuje na maua.

Sisi hatujambo, ukitaka kujua.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimeisubiri siku hii. Na mimi nina kadi!

Chama chetu cha wasusi kimejiunga na bima. Tulianza kuchanga mwanzoni mwa mwaka, sikukuambia, nilitaka niione kwanza kwa macho. Wasusi tunavyohamahama saluni, chama kimeona kuhesabu watu ni kazi ya kichaa, kwa hiyo kinahesabu viti. Kila kiti cha kusukia kinacholipiwa kina kadi moja, na kadi ni ya msusi aliyeandikishwa kwenye kiti hicho. Kiti kipya kinasubiri miezi mitatu ndipo kadi ifanye kazi. Mimi nalipia cha dirishani. Cha beseni sikilipii, wateja wanawekea mikoba.

Na hospitali imeleta sindano kama ile, imetoka kiwanda kingine, bei imeshuka. Nimekwenda dirishani kwa yule binti wa "kanunue nje". Nimeiweka kadi mbele yake polepole, kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Kainua macho! Kitinda, kainua macho, akasema, "Subiri kidogo, mama." Mama! Nimechomwa, nimetoka nimenyooka.

Kwa hiyo vijisindano vyako basi. Hizi mbili za mwisho zimefika, zimo jokofuni na jina lao la SUMU, sina haja ya kuzichoma. Kaa na kadi yako na karani wako. Na mimi nimepata yangu, na sikupewa na mama.

Dada yako, mwenye kadi


11 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hongera sana. Nimefurahi kweli, nakuapia.

Nina swali dogo tu. Hiyo kadi yenu, mtu akiondolewa kazini inabaki yake au wanaichukua? Na mtu akiwa alishaumwa kabla ya kujiunga, wanampokea?

Jingine ni hili. Nakuonea wivu. Umeniandikia wivu wako mwaka mzima na mimi nimenyamaza kama mtu asiye na moyo. Unasema mama alinipenda mimi. Alinipa kiti, ndiyo. Lakini vidole vyake vilipokaza, alikuwa anamwita nani aje amkande kwa maji ya moto? Mimi nilikuwa natuma pesa tu. Wewe ulimshika mikono mpaka mwisho, na kila nikikunja kitu hapa nakufikiria wewe na lile beseni, nakuonea wivu. Nimeshasema. Tusirudie tena habari hii.

Mdogo wako


3 Oktoba

Kitinda,

Hatujambo, natumai nawe. UMEKIRI! Barua yako nimeisoma saluni kwa sauti, aliyekuwa chini ya kikaushio nikamtoa kichwa ili asikie. Mdogo wangu wa ng'ambo ananionea wivu mimi! Nilivyolala usiku ule, hata shemeji yako kasema nimekoroma kwa raha.

Habari za mama, sawa, tusirudie. Ila nimezisoma mara nyingi, hizo sikuzisoma kwa sauti.

Maswali yako: kadi ni yako maadamu kiti kinalipiwa, na nani atakuondoa, wakati bosi ni wewe mwenyewe? Waliokwisha kuumwa wanapokelewa, chama hakiulizi ulianza lini, kinauliza kama unasuka. Lakini mbona wadadisi hivyo? Au bima yenu kubwa ya huko inataka kuja kujifunza kwetu?

Nijibu. Na uandike kwa mkono, mheshimiwa.

Dada yako


28 Novemba

Mdogo wangu,

Sina salamu leo. Mama Vitambaa kaja jana saluni, kakaa penye mikoba, kakataa hata kuvua viatu. Nikamwuliza, "Mbona Kitinda hanijibu? Kanuna?" Akanitazama, akasema, "Atakuandikia kwa nini, kwa kidevu?"

Kanieleza yote. Kwamba mlango ulimfungulia kwa viwiko. Kwamba una wiki nyingi hujavaa nguo yenye vifungo. Kwamba barua zile za maktaba ulikuwa unazigonga kwa kifundo cha kidole kimoja, herufi moja, unapumzika, herufi nyingine, na mimi nikakuuliza karani ni nani. Kwamba taulo hazikuwa cheo. Walikutoa kwenye mashuka kwa sababu yalikuwa yanakuponyoka, kisha taulo nazo zikakuponyoka, na mwezi wa nane wakakutoa kazini, na kadi ikaenda na kazi. Ndiyo maana uliniuliza. Swali dogo tu! Mimi nikalisoma kwa sauti, watu wakacheka.

Nikamwuliza Mama Vitambaa, "Lakini alikuwa na sindano. Alikuwa nazo mpaka za kunitumia." Akasema, "Zile zilikuwa zake. Bima haimpi za ziada, wanampa za mwezi wake." Mara mbili, Kitinda. Mara mbili umekaa mwezi mzima bila dawa ili mimi nimpungie mkono mwenye kilemba.

Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Nani alikutuma? Ningeandika "sina", ungenijibu "na mimi sina za ziada", tukagombana, yakaisha! Mficha maradhi kilio humfichua, mama kalisema neno hilo mpaka lilitoboka, na wewe ndiye uliyekuwa unaitika "ndiyo mama". Nimekasirika, nimevunja machanuo mawili. Nimekasirika pia kwa sababu hata hapa umenishinda. Mimi nimekuonea wivu mwaka mzima kwa maneno, wewe umenipenda kimya kimya. Sasa nitakushindia wapi?

Basi sikiliza. Leo asubuhi nimefunga saluni, nimekwenda kwa katibu wa chama. Nimemwambia nina msusi mwingine, amesafiri, anarudi. Akasema sawa, lipia cha beseni, asubiri miezi mitatu. Nikamwambia hapana. Kiti cha dirishani, ambacho miezi yake ya kusubiri ilishapita, kiandike jina la mdogo wangu. Cha beseni kiandike langu, nitasubiri mimi. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mama, unaelewa unachofanya? Kadi yako inakufa leo." Nikamwambia naelewa, andika. Akaniuliza kama msusi mwenyewe anasuka. Nikamwambia, vidole vyepesi kuliko vyangu. Nimelisema hilo mbele ya watu, Kitinda, kwa mdomo wangu.

Usinihurumie. Zile mbili za SUMU zimo jokofuni, zitanivusha mwezi, na mwisho wa Februari si mbali. Vikivimba, vitavimba, nitapokea pesa mlangoni na kusengenya wateja, kazi ambayo naiweza hata bila vidole. Tiketi anayo Mama Vitambaa. Usiniulize nimeipata vipi, ipo.

Kiti nimekifuta vumbi. Mikoba nimeiondoa kwenye kile cha beseni, nimehamishia vitana vyangu huko. Jua la saa nane ni kali kweli, nimeliandika leo, umefurahi? Nitakuwekea pazia. Lakini tuelewane: dirisha ni lako, wateja ni wangu. Nimewatafuta mwenyewe. Usiwaguse.

Dada yako


12 Desemba

Dada,

Shikamoo. Ni mkono wangu. Kalamu nimeifunga kitambaa ishikike, na mistari hii imeniketisha tangu chai mpaka sasa, usizicheke herufi.

Nimelia. Sitasema zaidi, nitasema nikifika.

Nakuja. Weka maji ya moto kwenye beseni, unikande kama ulivyokuwa unamkanda mama.

Na pazia usiweke. Wataniona vipi tangu barabarani? Wateja nitawachukua wote.

Kitinda wa dirishani